KOSA NI LA NANI? MAELEZO JUU YA RANGI, CHEO NA LAWAMA



Tangu gazeti letu la mwezi uliopita, sanduku la maulizo limejaa makaratasi juu ya jambo moja. Mwanafunzi wa darasa la tatu aliandika: « Wazungu ndio waliharibu inchi yetu, tuwadai walipe. » Wa darasa la sita akamujibu: « Mutalilia wazungu mpaka lini? Walienda tangu 1960. Kosa ni letu sisi wenyewe. » Karatasi nyingine ilikuwa fupi sana: « Babu yangu alipewa duka la Mugiriki wakati wa Mobutu. Ni mimi nitalipa? » Huyu hakuweka jina lake, na hata angeliweka, hatungelichapisha.

Sisi wa komite ya gazeti tulisoma makaratasi yote pamoja. Tuliona ya kwamba wengi wanashindana bila kusikilizana, sababu neno hili « kosa » linabeba mizigo mingi mara moja. Kuko rangi ya ngozi. Kuko cheo na mali. Kuko tena kitendo chenyewe: nani alipiga, nani alimutuma, nani alikula faida. Mutu akitia yote katika chungu kimoja na kukoroga, anaweza kusema uongo bila kujua. Tutajaribu kueleza kwa njia ya mambo yaliyofanyika kweli katika inchi yetu. Tunaanza na mutu ambaye wengi kati yetu hawajasikia jina lake, ingawa alikuwa mutumishi wa misioni ya Kiprotestanti.

William Sheppard alizaliwa mwaka 1865 katika jimbo la Virginia, Marekani, mwaka ule ule utumwa ulipokomeshwa kule. Alikuwa mutu mweusi. Alisoma, akawa muchungaji wa kanisa la Presbiteri la kusini, akaomba atumwe Afrika. Wakubwa wa kanisa walikawia kumujibu. Hawakutaka kutuma mutu mweusi peke yake, bila muzungu pembeni yake. Akangoja mpaka alipopatikana kijana mweupe, Samuel Lapsley, ambaye alikuwa mudogo wake kwa mwaka mumoja. Mwaka 1890 wakasafiri wawili, na mwaka 1891 wakaanzisha kituo cha Luebo katika Kasai. Lapsley alikufa kwa homa mwaka 1892. Yule mweusi, ambaye walisema hafai kutumwa peke yake, akabaki na kazi.

Sasa angalieni jambo hili. Kwao Virginia, Sheppard alikuwa mutu wa chini. Hapa Kongo watu walimuita Mundele Ndom, maana yake muzungu mweusi. Alivaa nguo nyeupe na kofia ya jua, alikuwa na bunduki ya kuwinda, wapagazi walimubebea mizigo. Ngozi yake haikubadilika ndani ya mashua. Kilichobadilika ni pahali walipomukalisha. Kumbe « muzungu » na « mweusi » si rangi tu; ni kiti pia, na kiti kile kinaweza kupewa mutu au kunyanganywa. Tunaomba mushike neno hili la kiti, sababu tutalirudilia.

Mwaka 1899, habari zilifika Luebo ya kwamba vijiji vinachomwa katika inchi ya Wapianga. Misioni ikamutuma Sheppard kuangalia. Akafika katika kambi ya watu walioitwa Zappo Zap, ambao walikuwa wakikusanya kodi kwa ajili ya serikali ya mufalme Léopold II. Mukubwa wao alimupokea vizuri, akamuonyesha kazi yao bila haya. Juu ya moto mudogo kulikuwa na mikono ya watu, ikikaushwa isioze, sababu walipashwa kuionyesha kwa serikali. Sheppard akaihesabu. Mikono ya kuume makumi nane na mumoja.

Wauaji wale walikuwa watu weusi. Tusifiche. Mwanafunzi wetu wa darasa la sita angeweza kusema hapa: « Munaona? Sisi wenyewe! » Lakini tumuulize: bunduki zilitoka wapi? Kodi ile ilikwenda kwa nani? Pembe za tembo na mupira wa Kongo vilishushwa katika bandari ya Antwerp, havikushushwa katika kijiji cha Zappo Zap. Mukono ulioshika kisu ulikuwa mweusi, amri na faida vilikuwa Ulaya. Yule aliyeshika kisu hatumutoi katika hesabu, hapana. Alikata, na anaulizwa juu ya kukata kwake. Lakini hesabu yake haifuti hesabu ya yule aliyemulipa. Watu wengi wanafikiri ya kwamba lawama ni kama mukate mumoja: ukimupa huyu kipande kikubwa, kwa yule kinabaki kidogo. Si vile. Watu wawili wanaweza kuwa na kosa zima, kila mumoja la kwake.

Na mwanafunzi wa darasa la tatu, yule wa « wazungu ndio »? Naye asikilize mwisho wa hadithi. Mwaka 1908 Sheppard aliandika katika gazeti dogo la misioni, lililoitwa Kasai Herald, namna Wakuba wanavyoteseka juu ya kazi ya mupira. (Gazeti dogo, wapenzi, kama letu hili! Wengine wanatuambia kila mara ya kwamba makaratasi yetu hayawezi kitu.) Kampuni ya Kasai ilikasirika, ikamushitaki ya kwamba ameharibu jina lake. Mwaka 1909 akasambishwa Léopoldville. Nani alifika kumutetea? Muzungu wa Ubelgiji, Émile Vandervelde, mukubwa wa chama cha wasosialisti kule Bruxelles, ambaye hakuomba mushahara kwa kazi ile. Sheppard akashinda. Kisha, mwaka 1910, akarudi kwao Marekani, akawa muchungaji wa kanisa la watu weusi katika muji wa Louisville. Kule sheria na desturi zilitenga weusi na weupe mashuleni na ndani ya gari la moshi. Muzungu mweusi wa Kasai alirudi kukaa pahali pa weusi, mpaka alipokufa mwaka 1927.

Kwa hadithi hii tunaona ya kwamba rangi haituambii moja kwa moja nani ni mwema na nani ni mubaya. Lakini tusiende mbio kusema basi rangi haikuwa kitu. Ilikuwa kitu kikubwa sana, maana ndiyo ilikuwa ikigawanya viti.

Chukueni Lubumbashi, ambayo ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Huku muji wa wazungu, kule cité ya weusi, na katikati eneo tupu ambapo watu walikatazwa kujenga. Usiku, mutu mweusi aliyekutwa upande wa wazungu bila karatasi ya ruhusa alikamatwa. Wazee wetu wengine wanasema: « Lakini muzungu wangu alikuwa mwema. Alinipa nguo za watoto, alinifundisha kuendesha motokari. » Tunawaamini. Muzungu yule angeweza kuwa mwema kabisa, na kufanya kazi kwa jasho kutoka asubuhi mpaka jioni. Hata hivyo yeye hakuhitaji karatasi ya kupita usiku. Hii ndiyo maana ya upendeleo. Si kusema ya kwamba mutu hakutoka jasho. Ni kusema ya kwamba njia yake ilikwisha kufyekwa mbele hajafika, na wengine ndio walioifyeka. Na mara nyingi yeye mwenyewe haoni, sababu anayetembea katika njia safi haangalii chini.

Wengine wanadhani serikali ya Wabelgiji ilifungua mulango kwa weusi waliosoma. Ndiyo, ilifungua kidogo. Mwaka 1948 ilitoa kadi ya « mérite civique » kwa mutu mweusi aliyejua kusoma na kuandika, asiye na bibi wawili, asiye na kesi. Mwaka 1952 ikaongeza « immatriculation », ambayo ilikuwa ngumu zaidi: komisyo iliingia nyumbani mwa mutu kuangalia namna anavyoishi, namna anavyokula, namna anavyokaa na bibi na watoto. Patrice Lumumba aliipata mwaka 1954. Mwaka 1958, katika inchi yenye watu karibu milioni 14, waliokuwa na kadi ya kwanza walikuwa 1 557, na waliopata immatriculation walikuwa 217. Mutoto wa muzungu yeyote alipata haki hizo na kupita siku ya kuzaliwa kwake. Hakuna komisyo iliyokwenda kuangalia kama baba yake anajua kushika kanya vizuri.

Lakini hapa tena kuko jambo ambalo halituletei sifa. Mwaka 1944 kundi la weusi waliosoma, kule Luluabourg (leo Kananga), waliandikia serikali barua. Hawakuomba watu weusi wote watendewe vizuri. Waliomba wao, wenye masomo, watengwe na kundi la wajinga, wasitendewe kama wale. Tusiwacheke mbio. Walikuwa wakipigwa na kudharauliwa kama wengine, na kila mutu anayezama anashika tawi lililo karibu. Lakini hapo tunaona tabaka linazaliwa ndani ya rangi moja: karani anamuangalia mulimaji sawasawa na vile muzungu anavyomuangalia karani.

Upendeleo ulipita hata katikati ya makanisa. Tangu miaka ya 1925 na 1926 serikali ilisaidia kwa feza mashule ya misioni « za kitaifa », maana yake karibu zote za Katolika. Misioni za Kiprotestanti, ambazo wamisionari wao walikuwa zaidi Waingereza, Wamarekani na Waswedi, hazikupata mpaka mwaka 1948. Watoto weusi wawili, kijiji kimoja, rangi moja, lugha moja. Mumoja aliingia shule yenye tofali na mwenye diploma, mwingine alisomea katika nyumba ya majani. Hatuandiki hivi kuamsha ugomvi na wenzetu wa shule jirani, ambao tunacheza nao mupira bila matata (ingawa refa wao...). Tunataka kuonyesha tu ya kwamba mutoto wa Katolika hakuwa na kosa. Hakuchagua. Lakini alipata, na mwenzake akakosa.

Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960, mufalme Baudouin alisimama Léopoldville, akasifu kazi ya Léopold II. Lumumba akasimama nyuma yake, akataja mambo ambayo watu walikuwa wameyavumilia. Moja ni dogo, na wanafunzi wa Kifaransa mutalielewa mara moja: alikumbusha ya kwamba mutu mweusi aliambiwa « tu », na si kwa urafiki, sababu « vous » ya heshima iliwekwa kwa wazungu peke yao. Neno moja la herufi mbili! Siku tano tu baadaye, tarehe 5 mwezi wa 7, jenerali Janssens, mukubwa wa jeshi, aliandika kwenye ubao mbele ya askari ya kwamba mbele ya uhuru ni sawasawa na nyuma ya uhuru. Katika jeshi lile lote hapakuwa na ofisa mweusi hata mumoja. Askari wakaasi.

Sasa turudilie kiti. Watu wengi walifikiri ya kwamba muzungu akitoka katika kiti, kiti kitavunjwa na mbao zake zitagawanywa. Hakikuvunjwa. Katika mwezi ule ule wa 7 mwaka 1960, wakati inchi ilikuwa inawaka moto, wadepite wetu wapya walipiga kura kuongeza mishahara yao wenyewe, ingawa Lumumba alikataa. Kisha kulikuja tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973. Mobutu alitangaza ya kwamba maduka, mashamba na kampuni za wageni vitapewa Wazairwa. Wagiriki, Wareno, Wahindi, Wabelgiji waliacha funguo. Watu walishangilia, na sisi tungelikuwapo tungelishangilia vilevile, maana mali ile ilitoka katika udongo wetu na jasho letu. Lakini funguo zilikwenda kwa nani? Hazikwenda kwa karani aliyejua vitabu vya duka kwa miaka kumi na tano, wala kwa wafanyakazi wa shamba. Zilikwenda zaidi kwa wakubwa wa chama na wa serikali, na kwa rafiki na ndugu zao. Mobutu mwenyewe alipata mashamba mengi. Wale waliopata waliitwa « acquéreurs ». Wengi waliuza vitu vilivyokuwa ndani, wakala feza, na vilipokwisha hawakununua vingine. Rafu zikabaki tupu, bei zikapanda, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Tangu mwisho wa 1975 na katika 1976 serikali ikaanza kuwaita wenyewe wa kwanza warudi.

Hapa ile sauti ya « kosa ni letu sisi » inapata nguvu. Lakini tunauliza: « letu », la nani? Karani aliyefukuzwa duka lilipofungwa, naye ni wa « sisi »? Mama aliyekosa chumvi? Neno « sisi » linaweza kuficha wakubwa sawasawa na vile neno « wazungu » linavyoficha wakubwa. Mukubwa anafurahi sana akisikia watu wanasema « sisi Wakongomani tuko wabaya ». Anatikisa kichwa pamoja nao, kisha anapanda motokari yake.

Tulifikiri sana kama tuandike jambo linalofuata, sababu katika shule yetu kuko watoto wa pande zote. Tukaona ya kwamba kulinyamazia ni kubaya zaidi.

Wazee wa Katanga wanajua ya kwamba Union Minière ilitafuta wafanyakazi mbali, na kwa wingi katika Kasai. Reli iliyofika Ilebo mwaka 1928 iliwaleta. Waliishi katika kambi za kampuni, walipewa chakula kwa juma. Hata leo tunaita siku ile siku ya posho. Wengi wao waliingia shuleni mapema, wakawa makarani na wakapita. Wenyeji wa Katanga waliona wageni wanakalia viti vidogo ambavyo wazungu walikubali kuwaachia weusi. Uchungu ule haukuwa bure. Mwisho wa mwaka 1957, katika kura za kwanza za Elisabethville, watu wa majimbo mengine walipata vyeo vya burgomestre, na mwaka 1958 wenyeji wakaunda chama cha Conakat. Mwaka uliofuata nani aliingia ndani yake? Chama cha wazungu wakaaji. Wale waliogawanya viti kwa rangi walijiunga na upande mumoja wa wale waliokuwa wakigombania viti vya chini.

Miaka makumi tatu na zaidi ikapita. Mwaka 1990 shimo la Kamoto, Kolwezi, lilibomoka. Gécamines ilikuwa ikitoa tani za shaba zaidi ya 400 000 kwa mwaka katika miaka ya 1980; mwaka 1993 haikufikisha 50 000. Feza ya kampuni ililiwa na wakubwa, masini hazikutengenezwa. Njaa ikaingia kambini. Ndipo mambo ya siasa yakaongezeka: mwezi wa 8 mwaka 1992 Étienne Tshisekedi, mutu wa Kasai, alichaguliwa kuwa waziri wa kwanza pahali pa Nguz, mutu wa Katanga. Katika mikutano, gavana Kyungu wa Kumwanza na wafuasi wake waliwaonyesha watu adui. Si yule aliyekula feza ya shaba. Ni jirani, yule wa mulango wa pili, fundi, mwalimu, mwuza mukate. Waliwaita « bilulu », wadudu. Kule Likasi, na kisha Kolwezi, nyumba zilivunjwa na watu wakafukuzwa. Mamia ya maelfu walitoka. Walilala kwenye gare kwa majuma na miezi wakingoja gari la moshi la kuwapeleka Kasai, inchi ambayo wengi hawakuiona hata siku moja, maana walizaliwa hapa. Watoto na wazee walikufa palepale kwenye gare, wengine ndani ya mabehewa.

Na shaba? Mwaka 1994 ilishuka tena. Aliyefukuzwa hakuwa yeye aliyekuwa amebeba shaba mufukoni.

Tunaandika hivi kuonyesha lawama ni kitu cha kweli, si mazungumzo ya wakati wa mapumziko tu. Lawama inapenda kuanguka juu ya mutu aliye karibu na asiye na nguvu, sababu yule aliye mbali na mwenye askari hashikiki. Ndiyo maana tunapashwa kuuliza kila mara, kwa jina na kwa mwaka: nani alitoa amri, nani alifanya, nani alipata faida, nani alijua akanyamaza. Siku walipomuua Lumumba, tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961, si mbali na hapa, mikono ilikuwa mingi. Wakubwa wa Léopoldville walimutuma. Wakubwa wa Katanga walimupokea. Maofisa wa Ubelgiji walikuwapo. Kila mumoja ana ukurasa wake.

Inabaki ulizo la deni. Kule Ubelgiji, kijana mwenye umri kama wetu anasema: « Mimi sikukata mutu mukono. Kwa nini muniletee maneno ya Léopold? » Na anasema kweli. Mambo haya yaliwaka kwao hasa mwaka 2020, wakati George Floyd, mutu mweusi, aliuawa na polisi Minneapolis, Marekani. Watu wengi waliandamana Bruxelles, na sanamu za Léopold II ziliondolewa pahali pengine, kama Antwerp na Gand. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka ule, mufalme Philippe aliandika barua akisema ya kwamba anasikitika juu ya majeraha ya wakati uliopita. Alirudilia maneno yale alipofika Kinshasa mwezi wa 6 mwaka 2022. Bunge lao liliweka komisyo juu ya ukoloni. Ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili, na mwezi wa 12 mwaka 2022 ikavunjika bila kupatana, juu ya neno moja tu: kuomba musamaha. Wengine waliogopa ya kwamba neno lile litafungua mulango wa kulipa.

Kusikitika na kuomba musamaha ni vitu viwili. Mutu anaweza kusikitika juu ya mvua. Anayeomba musamaha anasema: mukono ulikuwa wangu.

Lakini kuko kesi moja ambayo ilikwenda mbali zaidi. Wakati wa koloni, serikali iliwachukua watoto wa metisi, wa baba mweupe na mama mweusi, ikawatoa kwa mama zao na kuwaweka katika misioni, kwa mufano Katende kule Kasai. Hawakufanya kosa. Rangi yao tu ilisumbua, sababu ilionyesha ya kwamba ukuta kati ya weupe na weusi una mulango wa nyuma. Mwaka 2019 waziri wa kwanza Charles Michel aliomba musamaha katika bunge. Wamama watano, waliochukuliwa hivyo walipokuwa hawajatimiza miaka saba, wakashitaki serikali ya Ubelgiji. Mwaka 2021 walishindwa. Hawakuchoka. Tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka 2024, korti kubwa ya Bruxelles ilisema ya kwamba tendo lile lilikuwa kosa juu ya ubinadamu wote, na serikali imulipe kila mumoja euro 50 000.

Angalieni nani alihukumiwa. Si yule kijana, wala mwuza mukate wa Bruxelles. Ni serikali. Mutu anakufa na kosa lake linakufa naye. Serikali haifi, na hati iliyotia sahihi mwaka 1948 ingali sahihi yake. Sisi Wakongomani tunalijua vizuri sana, maana uhuru ulipofika, koloni ilikuwa na madeni, na mwaka 1965 serikali mbili zilipatana namna ya kuyagawanya. Sehemu ikaangukia Kongo. Hakuna mutu aliyemuuliza mutoto aliyezaliwa Bukavu au Kamina kama ni yeye aliyekopa. Basi kama deni la feza linavuka kutoka wazee mpaka watoto kwa njia ya serikali, hatuoni kwa nini deni la mikono lisivuke kwa daraja lile lile.

Sasa ile karatasi fupi. Ndugu yetu, hapana, wewe hukunyanganya mutu. Mwaka 1973 hukuzaliwa, na baba yako labda alikuwa mutoto. Hakuna mutu atakayekushika kwa shati juu ya duka lile. Lakini kama feza ya duka ililipa masomo ya baba yako, naye akapata kazi, na kazi ile inalipa minerval yako, basi kuko kitu ulichopokea. Vilevile yule kijana wa Ubelgiji, ambaye babu yake alijenga nyumba kwa mushahara wa Union Minière. Hatukuambii uteketeze daftari zako. Tunakuomba jambo moja dogo. Darasani kwako kuko mwenzako anayerudishwa nyumbani kila robo ya mwaka juu ya minerval, na tumesikia wengine wanamucheka, eti kwao ni wavivu. Babu yake angeweza kuwa karani katika duka lile lile, aliyetoka na kalamu mufukoni siku rafu zilipokuwa tupu. Uliza nyumbani wafanyakazi walikuwa wangapi na walikwenda wapi. Babu yako, kama angali hai, hajasahau majina yao.